Risasi ya Wavu Ndani ya Simu ya Zahanati

Nyinyi vijana mnaoingia kwenye chumba chetu cha vitu vya kale pale Gungu, huwa nawatazama. Mkiikuta simu nyeusi ya kuzungusha, mnaingiza kidole kwenye tundu la namba na kubonyeza. Mnasubiri. Mnabonyeza tena kwa nguvu zaidi, halafu mnanigeukia: "Babu, hii imekufa." Haijafa. Hiyo haibonyezwi, inazungushwa. Ingiza kidole kwenye tundu la namba unayotaka, vuta sahani mpaka kidole kikwame kwenye kile chuma kidogo, kisha achia. Usiisindikize kurudi. Simu ile hufanya kazi yake yote wakati inarudi, na wewe huna la kufanya ila kusubiri.

Mimi ni fundi wa simu. Nasema "ni" kwa mazoea tu. Mitambo ya zamani ilipong'olewa tulipunguzwa kazini, nikarudi nyumbani Katubuka na sanduku la bisibisi, nikiwa na umri wa mtu ambaye bado angeweza kupanda nguzo. Umri wa kuitwa babu sijaufikia hata sasa, ila nyinyi mmeshaamua. Tangu hapo nimejisomea mwenyewe. Nilipata vitabu vya mafundi vya Kiingereza, nikavisoma na kamusi pembeni, nikianza na michoro kabla ya maandishi. Leo ukinipa kipande cha simu ya kuzungusha nitakwambia kimetoka kwenye simu ya aina gani, na mara nyingi nitakwambia pia kama kiliwahi kubadilishwa. Jambo hilo lilinipa kiburi kwa miaka.

Baadhi yenu mmeniomba niwafundishe utambuzi huo. Nitafundisha. Lakini kila nikianza najikuta naitazama ile simu iliyo peke yake kwenye meza ya dirishani, simu ya zahanati, na maneno yananiishia. Basi nimeona niandike, maana karatasi haiwezi kunitazama usoni.

Tuanze na kizungushio chenyewe. Kina sahani ya vidole, ile yenye matundu kumi. Chini yake kuna bamba la namba, la chuma kilichopakwa kauri au la plastiki. Kuna kizuizi, kile chuma kinachokikamata kidole. Ukikifungua nyuma utakuta springi, meno, na vibati viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Sahani ikirudi, vibati hivyo hukata umeme wa laini. Ukizungusha tano vinakata mara tano, ukizungusha sifuri vinakata mara kumi. Mtambo kule mjini unahesabu mikato hiyo, basi. Hausikii namba wala hausomi chochote.

Ili mtambo uhesabu vizuri, sahani lazima irudi kwa mwendo mmoja, isikimbie mwanzoni na kuchoka mwishoni. Kazi hiyo ni ya kipande kidogo kuliko vyote, tulichokiita gavana. Ni kijiti chenye mbawa mbili zinazozunguka ndani ya kikombe cha shaba. Mwendo ukizidi, mbawa hutanuka, zinasugua ukuta wa kikombe, mwendo unapungua. Mbawa zikiwa nyepesi, sahani inakimbia. Zikiwa nzito, inachelewa. Likumbukeni hilo la uzito.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Sudi wa Ujiji. Wakati ule hakuwa mzee, ila alikuwa na sauti ya mzee. Mimi nilitoka Kasulu, kijana wa Kiha mwenye viatu vipya na cheti cha shule, na kila asubuhi alinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye!", kwa lafudhi mbaya makusudi, ili karakana nzima icheke na mimi nijue nimepokelewa.

Hakuwa na saa ya kupimia mwendo. Alikuwa na maneno. Alizungusha sifuri, akaachia, na sahani ilipoanza kurudi alisema kwa mwendo wake wa kawaida: "Mwisho wa reli." Kidole chake kilikaa juu ya sahani, kwa wepesi wa nzi kwenye embe. Neno "reli" likiisha pamoja na sahani, kizungushio kiko sawa. Sahani ikifika kabla ya "reli", inakimbia. Nilipokuja kununua saa ya kupimia, miaka baadaye, nilijaribu kumkosoa nikashindwa.

Alikuwa pia na mfuko wa kitenge. Alitia ndani vipande vya vizungushio mbalimbali, ukaingiza mkono bila kutazama, ukashika kimoja na kukitaja kwa kukipapasa. Hilo tulilimudu baada ya muda. Lililotushinda ni swali lililofuata. Ukishakitaja, aliuliza: "Sahihi au si sahihi?" Ukisema sahihi, ulipigwa na taulo la mikono. Ukisema si sahihi, taulo vilevile. Mimi nilikula taulo nyingi kabla mwenzangu mmoja hajachoka na kufoka, "Sasa sahihi kwa waya upi, Mzee?" Taulo likashuka. "Hapo ndipo mlipotakiwa kuanzia," alisema. "Simu haikai hewani. Ina waya nyuma yake. Waya wa mita kumi na waya unaovuka mto si ndugu. Kwanza uliza waya, ndipo useme sahihi."

Nililiweka kichwani kama mtu anavyoweka methali: vizuri, na mahali asipopita tena.

Makosa yangu ya ujana yalikuwa ya kuchekesha. Kubwa ni la mawese. Mafuta mepesi ya mashine yaliisha, treni ya mizigo ilikuwa haijaja, na ofisi moja ya serikali ilikuwa na kizungushio kinacholia kama mlango. Nyumbani nilikuwa na chupa ya mawese. Nikawaza, mafuta ni mafuta. Nikadondosha tone kwenye gavana, na la pili kwa ukarimu. Mchana ule kizungushio kilirudi kwa ulaini wa ajabu, nikasifiwa. Asubuhi, baridi ya ziwa ilipoyagandisha, simu ilikataa. Saa sita joto lilipopanda, ikakubali. Ikawa hivyo siku baada ya siku: asubuhi mgonjwa, mchana mzima. Mkuu wa ofisi alilalamika kwamba simu yake ina malaria. Mzee Sudi aliifungua, akachovya kidole, akakitazama chekundu, akakinusa.

"Leonsi," aliniita. "Umeikaanga au umeichemsha?"

Mpaka leo wapo wastaafu wenzangu wanaoniuliza kama nimeleta na samaki wa migebuka.

Sasa utambuzi. Hapa Kigoma ni mgumu kuliko kwingine, kwa sababu vipuri vyetu vilikuja kwa njia tatu. Vingine vilikuja kwa treni, vya simu za kawaida za mji. Vingine vilitoka kwenye simu za reli yenyewe, zilizokuwa nzito na zenye skrubu nene. Na vingine vilivuka ziwa kutoka Kongo na Burundi, ndani ya simu zilizobebwa na watu waliohama na vyombo vyao vyote. Fundi wa hapa alichukua alichokipata.

Tazama bamba la namba kwanza. Yale yaliyovuka ziwa yana namba nyembamba, na namba moja ina mkia mrefu unaoshuka kushoto. Yaliyokuja kwa treni yana namba nene, na moja yake imesimama kama nguzo. Kisha tazama mikwaruzo. Kucha za watu huchimba mfereji kwenye rangi, chini ya namba zilizopigwa sana. Kama bamba limechimbika na kingo za matundu ya sahani bado ni kali, vipande hivyo viwili havikuzeeka pamoja. Tazama kizuizi: vilivyotoka kwenye reli vimefungwa kwa skrubu mbili, vya mji kwa moja. Mwisho fungua nyuma, umtazame gavana. Watu wengi hawafiki huko. Mimi hufika, na hapo ndipo nilipoharibu.

Chumba chetu kilianza kama wazo la wastaafu wachache. Tulikuwa na vitu vya kazi majumbani, watoto wetu wanataka kuvitupa, tukaomba chumba kitupu na meza. Mwenyekiti wetu alinipa kazi ya kukagua kila simu kabla haijawekwa, kwa sababu watu walianza kuleta vitu vya ajabu wakiapa ni vya enzi za babu zao. Niliichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Nilivaa miwani, nikavaa na shati la mikono mirefu.

Siku ya ukaguzi Mzee Sudi alikuja kutoka Ujiji kwa bodaboda, amekaa kati ya dereva na binti yake Zaituni, simu imefungwa kwenye khanga mapajani mwa Zaituni. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Alikuwa amekonda. Masikio yalikuwa yamekwisha, ulilazimika kumwinamia na kupaza sauti. Nilimpa shikamoo, akaisoma midomoni.

"Marahaba! Mwakeye, Leonsi!" alipiga kelele, na watu wote wakageuka.

Zaituni alifungua khanga. "Baba anasema hii ni simu ya zahanati ya ng'ambo ya mto Luiche," alisema. "Aliitunza mwenyewe mpaka laini ilipokatwa, wakampa aondoke nayo. Ametaka ikaguliwe na mwanafunzi wake. Anasema akishaiona imewekwa na jina lake, inatosha."

Mlangoni walikuwa wamesimama wastaafu na vijana kadhaa, pengine baadhi yenu. Niliiweka simu mezani, nikaanza kusoma kwa sauti kama hakimu. Bamba la namba limevuka ziwa, tazameni mkia wa namba moja. Sahani ya vidole ni ya mji. Kizuizi ni cha reli, skrubu mbili, na moja si yake. Nikazungusha sifuri na kuachia. Nikasema "mwisho wa reli", nikamaliza, na sahani bado inarudi. Nikafungua nyuma. Mbawa za gavana zilikuwa na madonge ya risasi, yamebandikwa kwa mkono na kufutwa kwa tupa.

"Na gavana amezibwa risasi kama jino bovu," nilisema. Watu wakacheka kidogo. Kicheko kile kilinipa hamu ya kingine. "Jamani, hii si simu. Hii ni timu ya mtaani. Kila mchezaji amekuja na jezi ya kwao."

Wakacheka sana. Mwenyekiti alivua miwani akafuta macho. Na Mzee Sudi naye akacheka. Alichelewa. Alizitazama kwanza nyuso za wengine, akaona meno, ndipo akafungua kinywa akacheka nao, akinitazama mimi na kutikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyeletewa habari njema za mtoto wake.

Hakuwa amesikia neno hata moja.

Zaituni hakucheka. Mzee alimgeukia akamuuliza kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia, "Amesemaje Leonsi?"

Zaituni alinitazama mimi kwanza. Kisha akamwinamia baba yake sikioni, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Anasema ni simu nzuri, Baba. Anataka kukaa nayo kidogo aiangalie."

"Mwache aiangalie!" alisema Mzee. "Huyo nilimfundisha mwenyewe."

Ningeweza kusema kitu pale. Nilikunja khanga, nikaikunja vizuri, pembe kwa pembe.

Vijana, mtu mwenye aibu hutafuta kazi ya kufanya kwa mikono. Nilikwenda na simu ile nyumbani Katubuka na kujiambia kwamba nitamlipa Mzee kwa ufundi. Nitaitengeneza iwe kama ilivyotoka kiwandani, nitamrudishia mwenyewe, na ule utani utakuwa umefutika. Nilikuwa na kila kitu kwenye makopo yangu. Nikatoa bamba lililovuka ziwa nikaweka la treni. Nikaweka kizuizi cha skrubu moja. Gavana nilimshika kwa koleo juu ya moto wa jiko mpaka risasi ikayeyuka na kudondoka, nikamsafisha kwa brashi, nikampima, mbawa nyepesi kama ilivyochorwa kitabuni. Nilizungusha sifuri. "Mwisho wa reli." Maneno na sahani vikaisha pamoja. Sikuwahi kufanya kazi safi kama ile, na sijawahi kufanya kazi mbaya kuliko ile.

Niliipeleka Ujiji asubuhi. Mzee alikuwa amekaa ukumbini kwenye mkeka, Zaituni anachambua dagaa uani. Nilimwekea simu mapajani. Alipapasa kizuizi. Alipapasa bamba kwa ukucha. Kisha akazungusha sifuri, akaachia, akaweka kidole juu ya sahani kama zamani. Masikio yalikuwa yamechoka lakini kidole bado.

"Kigoma mwisho wa reli," alisema.

Alisema "Kigoma mwisho wa reli", yote, si "mwisho wa reli" tu kama karakanani. Sahani ilikuwa imeshasimama alipofika "wa".

"Imekimbia," alisema. Akarudia, ikakimbia tena. Akaniinulia macho. "Leonsi, risasi yangu iko wapi?"

"Nimeisafisha, Mzee," nilisema, na ilibidi niipaze sauti, mpaka Zaituni akaacha dagaa akaja mlangoni. "Nimeisafisha!"

Hakugomba. Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Laini ya zahanati ile ilivuka bonde la Luiche, nguzo zimesimama ndani ya matete. Masika yakifika, vikombe vya kauri vya nguzoni vilikuwa vinalowa kutwa, na umeme unavuja. Umeme ukivuja, mkato wa haraka hauonekani mjini. Kabla mtambo haujatambua kuwa umeme umekatika, umesharudi. Mkato mmoja unapotea, na nne inakuwa tatu.

Hapo nilikumbuka, na nikatamani nisingekumbuka. Vikombe vile nilivipandia nguzoni mwenyewe kuvifuta. Nilijua laini ile inavuja. Na hadithi ya Mama Perpetua, muuguzi wa zahanati, tuliisimulia karakanani kama kichekesho: kila mvua ikinyesha anapiga hospitali, anapata bohari ya mizigo ya stesheni. Mtu wa bohari alikuwa akimjibu, "Mama, hapa daktari hatuna, tuna saruji." Tulicheka. Mama Perpetua alikuwa akipigia mtumbwi wa mashine uje kuchukua mzazi aliyekwama kujifungua, na sisi tulicheka.

Mzee Sudi alicheka pia, kisha akaenda. Alimkuta mvuvi anashona wavu ufukweni, akamwomba vipande vya risasi vinavyozamisha wavu, akavigonga vikawa vyembamba, akavibandika kwenye mbawa za gavana, kidogo kidogo, akizungusha sifuri na kusema maneno, mpaka mwendo ukapungua kiasi cha mkato kuonekana ng'ambo ya maji. Mtambo wetu ulivumilia uzito kuliko ulivyovumilia haraka. Bamba la Kongo aliliweka kwa sababu namba zake zilionekana kwa mwanga wa kibatari. Kizuizi cha reli kilikuwa kirefu, kidole chenye jasho hakikuteleza. Kila kipande nilichokisoma kwa sauti mbele ya watu kuwa si chake, kilikuwa hapo kwa sababu.

"Mimi nilijua unajua," alisema. "Nilidhani ukiona risasi tu utasema, aa, huu ni waya wa Luiche."

Ndipo nikaona lazima nimwambie na lile lingine, la siku ya ukaguzi, maana yeye alidhani nilimsifu. Nilianza, "Mzee, siku ile pale Gungu…" lakini kumpazia mtu sauti ya kuomba radhi ni kazi ngumu. Aliinua mkono.

"Zaituni aliniambia tulipofika nyumbani. Nilimuuliza, macho yake hayajui kuficha." Alimtazama binti yake, kisha mimi. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ile timu yako ya mtaani, Leonsi. Ilifungwa lini?"

Zaituni alitazama chini. Mimi pia nilitazama chini. Palikuwa na magamba ya dagaa kwenye kiatu changu, niliyaangalia kwa muda mrefu.

"Haikufungwa, Mzee," nilisema mwishowe.

"Eeh. Basi nenda ukatafute risasi."

Nilishuka ufukweni. Nyavu za siku hizi ni nyepesi, na niliulizwa maswali mengi na vijana waliokuwa wanazishona: "Mzee, unataka kuvua nini na risasi bila wavu?" Nilipata vipande vinne kutoka kwenye wavu mbovu. Bamba na kizuizi vilikuwa bado kwenye kopo langu, hivyo nilivirudisha vilevile, hata ile skrubu isiyo yake. Risasi haikuwezekana kurudishwa. Ile ya kwanza ilikuwa imedondokea kwenye majivu ya jiko langu, imechanganyika na takataka zangu nyingine.

Tulikaa kwenye mkeka. Mzee mikono ilikuwa inatetemeka, hakuweza kushika koleo. Mimi nilibandika, yeye aliweka kidole kwenye sahani na kusema maneno. "Kigoma mwisho wa…" Imekimbia. Ongeza. "Kigoma mwisho wa reli…" Sasa imezidi, inakokota kama mzee wa Ujiji, futa. Nilifuta kwa tupa. Zaituni alileta chai, ikapoa, akaleta nyingine. Kuna wakati alininyooshea kikombe na kusema, "Kaka Leonsi, kunywa. Baba akianza kazi hajui kama watu wana njaa." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ya khanga, na sijui kama yalikuwa msamaha. Sikuuliza.

Jioni ilipokaribia, "reli" na sahani viliisha pamoja. Mzee alirudia, akatabasamu, akaondoa kidole.

Nilitaka kuandika kwenye kadi kila kitu: kwamba risasi iliyomo si ya mkono wake, kwamba ya kwake niliiyeyusha mimi. Mzee alikataa. Alisema kadi ni ya simu, si ya Leonsi. Kwa hiyo kadi inasema tu: "Simu ya zahanati ya ng'ambo ya Luiche. Ilitunzwa na Mzee Sudi wa Ujiji." Mengine mmeyapata hapa. Mkisikia watu wananisifu kwamba naijua simu kwa kuitazama tu, mjue nilichokitazama na nisikione.

Siku ya kuifungua meza ile walikuwepo wale wale waliocheka. Mwenyekiti alimkaribisha Mzee Sudi aizungushe. Zaituni alimshika kiwiko. Mzee aliweka kidole kwenye sifuri, akavuta mpaka kwenye kile kizuizi kirefu cha reli, akaachia, na sote tukasimama kimya tukisubiri simu isiyounganishwa na kitu chochote. Alisema maneno yake yote, polepole. Yakaisha pamoja na sahani.

Akageukia chumba. "Sahihi au si sahihi?"

"Sahihi!" walijibu wote kwa pamoja, na kupiga makofi.

Alikuwa ananitazama mimi. Nilisema, "Kwa waya upi, Mzee?" lakini nilisema kwa sauti ndogo, na makofi yalikuwa mengi, hakusikia. Alimgeukia binti yake.

"Amesemaje Leonsi?"

Zaituni alinitazama. Kisha akamwinamia baba yake sikioni akamwambia, na safari hii hakubadilisha neno.